Shingo ya Kuazima

"Shingo ya kuazima haivuki mto." Mmemsikia mama yenu akimwambia dada yenu, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, wanangu. Methali hii ilianzia majini, na ilianza hivi.

Nakijwa aliolewa bondeni akitokea milimani. Kwao, mwanamke hubeba maji kwa kibuyu mgongoni, ukanda ukipita kwenye paji la uso, na mtoto humfunga kifuani. Bondeni ni kinyume: mtoto mgongoni, mtungi kichwani. Siku alipotoka na kibuyu chake, wifi yake Mwatatu alipiga kigelegele.

"Njooni mwone! Kaka katuletea punda, tena kavaa mtoto kama kengele!"

Wanawake wakacheka. Nakijwa naye akacheka. Kibuyu akakificha darini, akaanza kujifunza mtungi. Shingo iliuma. Kila asubuhi alijiuliza: leo nitauangusha? Leo watasemaje?

Masika yakaingia, mto ukajaa. Maji safi yalikuwa ng'ambo, kwenye chemchemi. Siku hiyo Nakijwa alichukua mtungi mkubwa, ambao mama mkwe wake, Bi Nambua, aliachiwa na marehemu mama yake. Wakati wa kurudi, katikati ya mto, maji kiunoni, akahisi fundo la mbeleko linalegea. Mtoto akaanza kuteleza mgongoni.

Mkono mmoja ulikuwa juu, umeshika mtungi. Wa pili ukarudi nyuma, ukapata mguu mdogo uliolowa. Mkono mmoja haukutosha. Akasimama palepale.

"Shika mtungi wewe!" Mwatatu akapiga kelele ukingoni. "Wa bibi huo!"

Bi Nambua, aliyekuwa akifua, akainua kichwa, akaona.

"Achia, mwanangu!"

"Ni wa mama yako, mama!"

"Mama yangu keshakufa! Mwanao yu hai! Achia!"

Akaachia. Mtungi ukapasuka kwenye jiwe. Nakijwa akamvuta mtoto mbele, akamfunga kifuani kama kwao, na hapo miguu ikakumbuka kutembea. Akavuka.

"Nisamehe, mama," alisema, meno yakigongana.

Bi Nambua alikuwa akimpangusa mtoto kwa kanga yake. "Kibuyu chako kiko wapi?"

"Darini."

"Kinafanya nini huko?"

"Nilitaka niwe kama nyinyi."

"Sisi tumeshajaa hapa. Mimi nilimposea mwanangu wewe. Shingo ya kuazima haivuki mto, mwanangu. Nenda kakishushe."

Kesho yake Nakijwa alipita uani na kibuyu mgongoni. Mwatatu akafungua mdomo, akamwona mama yake, akaufunga. Wengine walicheka vilevile. Lakini safari hii Nakijwa aliuvuka mto huku akimtazama mwanawe usoni, naye mtoto akimchekea.

Kwa hiyo mtu akijitesa ili afanane na wenzake, huambiwa: shingo ya kuazima haivuki mto.