Pikapu Iliyokutwa Imelala

Gari la kununua, likute limelala.

Mmeisikia juzi kwenye kikao cha posa. Shangazi yenu kaitupa katikati ya maneno, watu wazima wakaguna, nyie mkabaki mnatazamana. Gari gani tena, wakati tunaongelea mchumba? Haya, sogeeni karibu na moto, na asinikatize mtu. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Huko Lyamuhela, juu kabisa upande wa Njombe, kuna baridi ambayo mwezi wa sita ukisahau ndoo ya maji nje jioni, asubuhi unayakuta na ganda juu kama kioo. Hapo aliishi mama mmoja, Enesia Mgaya, na mdogo wake wa kiume, Obadia. Baba yao alipofariki aliwaachia kilima kizima cha misonobari. Sasa msonobari si mahindi. Mtu anaupanda nywele zikiwa nyeusi, anauvuna ana mvi, na ukishaukata umeukata, kisiki chake hakichipui. Ndiyo kusema ile miti ilikuwa nafasi moja tu, ukiikosea hakuna nyingine mpaka wajukuu waote ndevu.

Na walikuwa na shida ya kuitumia hiyo nafasi. Barabara ya Lyamuhela ni kupanda, kona, kupanda, tope. Malori hayaji. Viazi vinaozea uani, mgonjwa anashushwa kwa machela mpaka lami, na mjamzito anamwomba Mungu uchungu umkute mchana. Kaka na dada wakakubaliana: tuikate miti ya baba, tununue pikapu ya dizeli, iliyotumika, maana mpya hatuiwezi. Tuinyanyue juu, tuongeze springi, tuchomelee vyuma vya ubavuni, ibebe viazi na ibebe watu. Miti ikakatwa. Kilima kikabaki kipara. Kila Enesia akifungua mlango asubuhi alikiona.

Tatizo likawa Obadia.

Obadia alikuwa kijana mwema, jamani, tusimseme vibaya. Ila simu yake ilikuwa imejaa picha za mapikapu yaliyobadilishwa mpaka haina pa kuweka picha ya mama yake. Pikapu zenye tairi kama za trekta. Pikapu zenye bomba la kuvuta hewa limepanda mpaka juu ya paa, ati likivuka mto lisinywe maji.

"Oba," Enesia alimwuliza, "Lyamuhela kuna mto gani wa kuzamisha gari?"

"Dada, hujui. Ni muonekano."

"Muonekano tutaupakia viazi?"

Mdogo mtu akacheka tu, akaendelea kutelezesha kidole kwenye kioo. Enesia akauma meno.

Wakaanza kutafuta. Na hapa msikilize vizuri, maana kosa lilikuwa humu, na lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Kwetu, mtu anayefika kwako alfajiri bila taarifa amebeba msiba. Hakuna habari nyingine inayotembea saa zile. Kwa hiyo mstaarabu yeyote akitaka kwenda kwa mwenzie anapiga simu kwanza. Na Obadia kwa simu hakuwa na mpinzani. "Shikamoo mzee, mimi kijana wako Obadia wa Lyamuhela, kesho saa nne tutakuwa hapo kwako kuangalia lile gari, Mungu akipenda." Saa nne wanafika, mwenye gari kavaa koti, chai iko mezani, na pikapu iko katikati ya uwanja imeoshwa, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Ya kwanza ilikuwa hivyo. Enesia, mikono imekufa ganzi kwa baridi, aliegemea boneti akapata joto, akashukuru. Lakini Obadia hakuitaka, kwa kuwa ati pua yake fupi. Ya pili ikawa hivyo hivyo, Enesia akaota joto tena kwenye boneti. Obadia akaikataa kwa sababu bampa halikubali taa kubwa. Nyumba ya tatu, mwenye pikapu, mwinjilisti mmoja anaitwa Nyagawa, hakushika simu. Wakaipita njiani iko chini ya turubai kuukuu. Obadia akainua pembe ya turubai, akaliachia haraka kama mtu aliyemwona nyoka.

"Tumwite mwenyewe basi," Enesia alisema.

"Dada, mlango umefungwa kwa kamba! Kwa kamba!"

Mwisho wakafika kwa Mzee Mlowe, ng'ambo ya bonde. Huyo aliwahi kuuza mbao, ana kauli tamu na masharubu yaliyochanwa. Pikapu yake nyekundu, ndefu, imekaa kama inataka kuruka. Obadia aliizunguka, akaizunguka tena. Akailinganisha na simu, simu na gari, gari na simu. Macho yakamlowa.

"Ndiyo hii, dada. Hii nikiinyanyua na kuipiga vyuma, mpaka mjini watauliza."

Akatoa neno lake pale pale. Wakashikana mikono na Mzee Mlowe: keshokutwa saa nne fedha ziletwe, gari liondoke.

Enesia alikuwa ameegemea boneti na kikombe chake cha chai. Lilikuwa la moto vizuri. Akainama kuokota kijiko kilichomdondoka, ndipo akaona majani ya njia ya kutokea barabarani. Umande umelala juu yake, mweupe, haujaguswa. Gari halijatoka nje ya uwanja tangu jana. Akamtazama Mzee Mlowe, mtu ambaye hata sukari aliwapimia kwa jicho. Mtu kama huyu anachoma dizeli uani asubuhi nzima kwa ajili ya nani? Akakumbuka boneti la kwanza, na la pili. Kila walikofika aliota joto la boneti, na hakuna gari hata moja lililokuwa limetoka safari.

Njiani kurudi akasema, "Oba, siku ya kulipa tunaenda alfajiri. Na hupigi simu."

"Alfajiri? Dada, tutaonekana wachawi!"

"Na tuonekane."

"Mzee wa watu tumeshashikana mkono, kanipa chai, leo nimvamie kitandani?"

"Miti ya baba siilipii chai, Obadia!"

Kijiji kizima kiliwasikia wakibishana. Mpaka siku yenyewe inafika Obadia alikuwa kanuna hata uji hanywi, ila alikwenda. Wakashuka bonde giza likianza kufifia, wakapanda ng'ambo, Enesia mbele, mdogo mtu nyuma akikohoa kwa makusudi ili mtu awasikie.

Walipokaribia uzio wa Mzee Mlowe wakaona moshi. Enesia alidhani jiko linawashwa. Kweli lilikuwa jiko. Lilikuwa chini ya gari.

Mzee Mlowe, kajifunga shuka la mkewe kiunoni, masharubu yameelekea pande mbili, alikuwa amelala kifudifudi anasukuma sufuria ya makaa chini ya injini. Mkewe kasimama na birika, anamwagia pampu ya dizeli maji ya moto. Watoto wake wa kiume, wanaume wazima, wamejipanga nyuma tayari kusukuma. Mzee akavuta sufuria pembeni.

"Tena! Sukumeni tena, wale watu wa Lyamuhela watafika!"

"Baba, tumechoka, si umwambie tu kijana aje mwezi wa kumi, kukiwa na joto?"

"Sukuma, mbwa wewe!"

Gari likateremka uwanja, likapiga chafya, likakata. Likasukumwa kurudi. Likateremka tena. Mara likatoka wingu la moshi mpaka kuku wakapotea, injini ikadunda kama mtu anagonga mlango anafukuzwa, halafu pole pole ikaanza kutulia. Mzee Mlowe akainuka, akajifuta jasho, akageuka. Enesia huyo hapo, mikono kwenye kanga.

"Mama! Mbona... si tulisema saa nne?"

"Shikamoo baba. Saa nne ni ya kwako na Obadia. Mimi nimekuja kulijulia hali gari."

"Ndiyo uungwana huo? Mtu anaingia kwa mwenzie hata hodi hapigi?"

"Hodi nimepiga. Mlikuwa mnasukuma."

Wale vijana wakageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama wa nyumba akaficha birika nyuma ya mgongo, mvuke ukamtoka mabegani.

"Sikiliza mwanangu," Mzee Mlowe akapunguza sauti, "dizeli yoyote kwa baridi yetu hii inasumbua kidogo."

"Kidogo? Baba, mama mkwe wangu ana miaka yake, miguu inamuuma, lakini hatujawahi kumwekea makaa chini ya kitanda ndio aamke."

Mzee akageuza macho kwenye sufuria yake. Na hapo, wapenzi, Obadia akasema, kwa sauti ya mtu anayemwombea mpenzi wake: "Lakini dada... si limewaka?"

Enesia alifumba macho. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine, ile ya kwanza haikutosha.

"Limewaka! Limewaka, Oba! Kila alfajiri utanitafutia makaa, na birika, na wanaume wa kusukuma? Mwanamke kashikwa na uchungu, tumwambie subiri kwanza mkaa ushike? Hapa kuna mteremko, kwetu uko wapi? Kwetu ni kupanda tu! Ukiliweka hilo bomba lako juu ya paa ndio litaamka? Baba alipalilia ile miti kwa mgongo wake mpaka akapinda. Leo haipo. Angalia kule ng'ambo, kilima hicho, kitazame! Unataka tukibadilishe na hiki kitu kinachoogeshwa kama maiti?"

 Ile injini, kana kwamba imesikia aibu, ikazima yenyewe.

Obadia alitazama ng'ambo. Jua lilikuwa linagusa kile kilima, visiki vyote vinaonekana kimoja kimoja.  Akamgeukia Mzee Mlowe, akamwomba samahani kwa kurudisha neno lake, akainama, akatoka.

Barabarani akatoa simu. Ni mazoea, mkono wenyewe ulikwenda.

"Unampigia nani?"

"Yule mwinjilisti, Nyagawa. Tumwambie tunakuja..."

Enesia akaichukua ile simu, akaisokomeza kifuani, akaendelea kutembea.

Kwa Nyagawa walifika watu bado wamejifunika. Enesia akapiga hodi. Ndani kukasikika kishindo, kisha sauti ya mwanamke inaanza kilio: "Kaka yanguuu!" Mwinjilisti akatokea na blanketi, uso umempauka, akasalimu kikwao: "Kamweneni. Nani? Nani ametutoka?"

"Kamwene, baba. Hakuna msiba. Tumekuja kuona gari."

Kilio kikakatika ndani. Mkewe akachungulia, machozi yanamtiririka. "Gari? Mmenifanya nimlilie kaka yangu mzima, kwa ajili ya gari?"

"Utusamehe mama. Tungepiga simu ungetupikia chai, na gari nalo lingepashwa moto."

Hawakumwelewa, wakaona akili hazimo kichwani. Enesia mwenyewe akalivuta turubai, likakatika vipande kwa barafu. Chini yake pikapu, rangi ya sufuria ya msibani, taa moja ina jicho na moja haina, mlango na kamba yake. Akaweka kiganja kwenye boneti. Baridi kama sakafu ya kanisa.

"Haya baba, liwashe. Usiguse kitu kingine, liwashe tu."

Nyagawa akafungua kamba, akaingia na blanketi lake. Akageuza funguo kidogo, akangoja taa ya hita ya injini izime, akapiga stata. Likakohoa. Likakohoa tena. Enesia vidole vyake vilikuwa vimemshika Obadia mkono mpaka kijana akauma mdomo. Mara likashika. Moshi kidogo, mweupe, ukapeperuka, halafu mngurumo, sawasawa, hauyumbi. Wakasimama pale wanalisikiliza mpaka boneti likapata joto lake lenyewe.

"Ndilo hili," Enesia akasema.

"Dada." Obadia alikuwa karibu kulia. "Ni baya."

"Ndiyo, ni baya sana. Si uliniambia wewe unajua kubadilisha magari? Ubaya ni kazi yako hiyo, libadilishe. Kuamka huwezi kuliwekea."

Na kweli alilibadilisha, mkono wa Obadia tusiufiche. Alilinyanyua, akaongeza springi nyuma, akachomelea vyuma vya ubavuni na benchi za kukunja, akabadilisha milango, akalipaka rangi ya kijani ya viazi vinavyochanua. Taa aliweka nyingi mno, Enesia alizihesabu akaguna akamwacha. Hata lile bomba la juu ya paa aliliweka. Siku ya kwanza linashuka na magunia, baridi ile ya kuuma mifupa, Obadia alipiga stata watu wote wamesimama uani wamebana pumzi, na lilipoitika vigelegele vilisikika ng'ambo ya bonde.

Ikabaki kuandika nyuma, maana gari bila maneno nyuma ni kama mtu hana jina. Obadia alitaka liandikwe MNYAMA WA MLIMANI. Mchoraji akachovya brashi. Enesia akamzuia mkono, akamtajia maneno yake.

Mchoraji akakuna kichwa. "Mama, methali gani hii? Mimi naandika magari miaka yote, sijawahi kuisikia."

"Andika, mwanangu. Wakishaisoma watakuwa wameisikia."

Akaandika, herufi nyeupe, kubwa. Na kwa kuwa kwenye zile kona hakuna anayeweza kulipita gari lingine, kila aliyekuwa nyuma aliyasoma mpaka juu: wafanyabiashara wa viazi, mabwana harusi na wazee wao, mabosi waliokuwa wanakwenda kuajiri, mama aliyempeleka bintiye ukweni. Akifika anakokwenda akamkuta mwenyeji kajiandaa, kavaa koti, katabasamu, msomaji alijiuliza: huyu asipojua kwamba nakuja, yukoje?

Gari la kununua, likute limelala.