Kwa Nini Mtendwa Hukaa Nyuma ya Kitenzi

Nyamazeni kidogo, wanangu, ninyi mnaorudi shuleni mkinung'unika kwamba Kiingereza kina matata. Hayo si matata. Ni msiba.

Hapo kale, Mungu alipokuwa angali anayagawia maneno makao, maneno ya Kiingereza yaliishi katika ua mmoja wa mama aliyeitwa Bi Kitenzi. Kazi zote za ua zilikuwa mikononi mwake: kupiga, kuona, kupenda. Watoto wake walikuwa I, We, They, She, You, na It asiyekuwa na maneno mengi, pamoja na mapacha wawili wa kiume ambao wote waliitwa He, maana hawakutofautiana hata ukucha. Siku hizo kila mtoto alikaa alipotaka, mbele ya mama au nyuma yake, na nguo zao zilikuwa za aina moja.

Asubuhi moja mapacha walikuwa wakitwanga, wakagombania mchi, mmoja akampiga mwenziwe begani. Bi Kitenzi akatoka jikoni na unga mikononi, akauliza ni nani aliyepiga. Watoto wakajibu kwamba He kampiga He. She akacheka chini chini. "Hapo, mama, chagua unayemtaka."

Bi Kitenzi akawatazama. Mmoja alikuwa akilia kwa sauti. Mwingine kanyamaza, kauma meno. Katika ua ule waliamini kwamba aliyeonewa hulia na mkosaji hunyamaza, basi akamshika aliyenyamaza. Na desturi yao ilikuwa kwamba anayempiga nduguye hutoka nje ya ua mpaka aombe radhi. Mtoto akatoka. Hakuwa na la kuombea radhi, kwa hiyo hakurudi. Mvua ikanyesha kutwa. Bi Kitenzi alichungulia mlangoni, akarudi jikoni, akachungulia tena, akijiambia kwamba mtoto huyu ni mkaidi tu, atakuja.

Jioni yule aliyebaki alikataa chakula.

"Mama, mimi ndiye niliyepiga. Nililia kwa woga. Uliyemtoa ndiye aliyepigwa."

Walimkuta amejikunyata nyuma ya ua, bega limevimba, homa imempanda. Bi Kitenzi akampakata.

"Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako, baba. Sikukuuliza."

Kabla jua halijatoka, Mungu akamchukua yule mtoto.

Baada ya maziko Bi Kitenzi aliichana kaniki yake ya msiba vipande vipande. Akaamuru kwamba mwenye kutenda akae mbele yake, na mwenye kutendwa akae nyuma yake, tena avae kipande kimoja cha kaniki ile, ili asimkosee mtu tena. I akikivaa akaitwa me, We akaitwa us, They akaitwa them, She akaitwa her. Na He aliyebaki akapewa kile ambacho kingekuwa cha nduguye, akaitwa him. You alikuwa ametumwa kupeleka habari za msiba, na aliporudi vipande vilikuwa vimekwisha. It akasema nguo yake inamtosha.

Na tangu siku hiyo Waingereza husema "She saw him", wala hawasemi "She saw he". Ukitaka kumjua mtendwa, usibahatishe. Mwendee Bi Kitenzi mwenyewe umwulize: kaonwa nani? Kapigwa nani? Atakujibu. Ila mwulize polepole, kwani hilo ndilo swali alilochelewa kuliuliza.