Gome, Gongo na Duara Tupu

Sogeeni, na mwenye kutafuna ameze kwanza. Hadithi hii kila nikiimaliza watu hunigombeza, kwa hiyo leo mtaimaliza ninyi. Asiyependa kuhukumu aondoke sasa hivi.

Si zamani sana, simu zilikuwepo ila mtandao ulishika kwa kubahatisha. Katika kijiji kimoja milimani Upareni walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Mfinanga, mrina asali, kipawa chake kilikuwa ulimi: akilamba gome anakutajia mti. Namvumo, mpika pombe, kipawa chake kilikuwa mkono: chochote akilowekacho hutoa kila kilichomo ndani yake. Niwaeli, binti wa maabara ya hospitali ya wilaya, kipawa chake kilikuwa jicho. Kitu ambacho wewe ungekichoka kwa dakika moja, yeye alikitazama siku nne.

Kulikuwa pia na Nakijwa, mcheza ngoma hodari, mwenye mimba yake ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Jembe lilimkata mguu, mguu ukafanya donda. Alipewa vidonge, akabadilishiwa vidonge, wapi! Wadudu wa donda lile walikuwa wameshazizoea dawa. Daktari akamwambia ukweli: hali ikiendelea hivi, mguu utakatwa. Nakijwa alilia sana, na kijiji kizima kikaingiwa na huzuni.

Mfinanga akasema, "Kuna mti marehemu mama alinionyesha nikiwa mdogo. Mzinga ukipakwa gome lake, masega hayaozi." Jina la mti hakulijua, alikumbuka ladha tu. Akapanda msituni siku mbili, akilamba gome moja baada ya jingine, mpaka akalipata lenye uchungu wa kutia ganzi ulimi. Alibandua upande mmoja tu, mti usife. Aliporudi, kwa siku tatu hakuweza kutofautisha chumvi na sukari.

Gome likaenda kwa Namvumo, kwa kuwa ndiye mwenye vyungu. Niwaeli akamwelekeza, "Shangazi, nusu ichemshe kama chai, kama walivyofanya wazee. Nusu iloweke kwenye maji baridi." Namvumo akafanya hivyo hivyo, au ndivyo alivyodhani. Wiki moja nyuma alisikia mgambo wanakuja, akaimimina gongo yake yote, ile pombe kali iliyopigwa marufuku, kwenye mtungi wa maji na kuweka kata juu. Mgambo wakapita, naye akasahau. Mtasema, mpika pombe anakosaje kunusa gongo? Jamani, pua yake ilikaa na gongo miaka thelathini, walikuwa hawasalimiani tena! Akaliloweka gome humo siku saba, akilikoroga asubuhi na jioni.

Niwaeli alichukua usaha wa donda na kuwaotesha wale wadudu kwenye sahani za maabara, kama mtu anavyootesha mbegu kitaluni. Akaweka juu vikaratasi viwili: kimoja kimechovywa chai ya gome, kingine kimechovywa yale ya mtungini. Chai haikufanya kitu, wadudu waliota mpaka juu ya karatasi. Lakini karatasi ya pili ilizungukwa na duara tupu, safi, hakuna mdudu aliyethubutu kusogea. Akapiga simu.

"Shangazi, uliloweka kwa maji gani?"

"Maji ya mtungi."

"Mtungi upi?"

Namvumo akauliza taratibu, "Mwanangu, simu hii mgambo hawaisikii?"

Niwaeli alicheka mpaka akakaa chini. Akaomba aletewe gongo tupu, akachovya karatasi, akaiacha ikauke, akaipima. Hakuna duara. Basi dawa ilikuwa ya gome, ila maji hayakuweza kuitoa, gongo imeweza. Akaikausha gongo yote ya mtungini, ikabaki dawa ya gome peke yake, akapima na kupima tena, mpaka akapata kipimo kinachoua wadudu bila kuunguza ngozi. Daktari akaruhusu, akasimamia mwenyewe. Wiki ya tano donda likafunga, na mwezi uliofuata Nakijwa akajifungua binti. Vigelegele vilivuka bonde!

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Desturi ya kijiji kile ni kwamba aliyemwokoa mama ndiye anayempa mtoto jina, na mtoto havuki kizingiti bila jina.

"Ataitwa jina la mama yangu," Mfinanga akasema. "Bila yeye nisingeujua mti."

"Mti uliota wenyewe, wewe uliulamba tu," Namvumo akamjibu. "Mimi sikujaliwa mtoto. Nikifa, jina langu linakufa nami. Ataitwa Namvumo."

"Wewe ulikosea, shangazi! Kosa nalo linalipwa?" Mfinanga akauliza.

"Na chai yenu isiyokosea ilimponya nani?"

Niwaeli alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na rafiki, tulisoma pamoja. Alikufa kwa donda kama hili, na mimi nilikuwa natazama sahani bila duara. Naomba jina lake."

"Kutazama nako ni kazi?" wakamuuliza wote wawili.

"Nisingetazama, mngemwosha kwa chai mpaka mguu ukatwe."

Mama mkwe wa Nakijwa akaingilia, "Figa moja haliinjiki chungu. Mpeni majina yote matatu."

"Mama," Nakijwa akasema, "desturi inataka jina moja, na mlangoni ataitwa mara moja. Nikimchagua mmoja, wawili nitakuwa nimewaambia hawakunisaidia."

Na hivi ninavyowaambia, kitovu kimeshadondoka, ngoma zimewambwa, pilau iko uani inapoa. Nakijwa amesimama mlangoni kwa miguu yake miwili, mtoto mikononi, na mbele yake watu watatu anaowapenda sawasawa. Mfinanga ameinamisha kichwa. Namvumo anajifuta macho kwa khanga. Niwaeli anamtazama mtoto, hachoki.

Haya, ninyi mliokula karanga zangu: mama anasubiri kuvuka kizingiti. Amwite mwanawe jina gani? Anza wewe uliyekaa karibu, ungeamua vipi?