Neno la Fisi Kwenye Skana Zote

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulie iingie!
Ina matope miguuni.
— Tutapangusa, iingie!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia pale, amka, maana humu kuna mtoto karibu aliwe.

Ukame ulishika nyika nzima, likabaki bwawa moja. Walinzi wa bwawa wakatoa amri: anayetaka maji alete picha safi ya unyayo wake, iliyotoka kwenye skana. Skana zilikuwa tatu: ya Nyati, ya Kobe na ya Fisi. Nyati na Kobe walishahama, wakaziacha. Ubaya ni kwamba kile kipimo cha kusafisha picha, kila skana ilikiita kwa jina lake. Ya Nyati ilisema vitone. Ya Kobe ilisema wembamba. Ya Fisi ilisema ukali. Ukikosea jina, mashine inanguruma ngrrr, inagoma mpaka kesho.

Nyinyi nimewaambia, wanyama hawakuambiwa. Neno moja tu walilijua, ukali, kwa sababu Fisi alishinda akijisifia skana yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sheria ilisema programu za skana ni huria, yeyote azifungue, azirekebishe mbele ya wote. Lakini Fisi aliilalia kompyuta yenye programu hizo, nani amsogeze?

Akaja Kanga, akamwachia Fisi mayai kama malipo, akabonyezewa skana. Akaja Njiwa, akaacha kinda, akabonyezewa. Akaja Bi Kindi, mikono mitupu, na mwanawe Kitete mgongoni, midomo imempasuka kwa kiu.

"Niachie huyo," Fisi akasema.

Kindi akapiga hesabu. Bila maji, Kitete hafiki jioni. Kwa Fisi, hafiki hata adhuhuri. Akamshusha mtoto taratibu, akamweka mbele ya Fisi. Foleni yote ikasogea kutazama. Mate ya Fisi yakadondoka, to, to, to.

"Mle, mzee wangu," Kindi akasema, na sauti haikumtetemeka. "Kinachoniuma ni kimoja tu. Wewe ndiye mkubwa hapa, halafu skana ya Nyati inasema neno la Nyati, na ya Kobe neno la Kobe. Lako liko kwenye moja tu."

Fisi akafunga mdomo. Jambo hilo hakuwahi kuliwaza, na lilimchoma. Akainuka, akafungua programu moja baada ya nyingine, ta-ta-ta, akafuta vitone, akafuta wembamba, akaandika ukali kila mahali. Akausomea umati mabadiliko, kifua mbele. Wote wakasema wamekubali. Na kilichokubaliwa na wote, hakifutwi mpaka wote waseme.

Fisi akageuka amle Kitete. Hayupo. Kindi alishamsimamisha juu ya kioo cha skana ya Kobe, naye akakanyaga kando yake, akachagua ukali. Vuuu, kwiii, ta! Picha ikatoka, nyayo mbili safi, wa mama na wa mwana.

Foleni ikaelewa. Wakazivamia skana zote, kila mmoja akijibonyezea mwenyewe. Fisi akapiga kelele maneno ya zamani yarudishwe, yarudishwe! Hakupata wa kumwitikia. Njiwa alimtazama tu.

Kitete akanywa maji mpaka akalala.

Funzo? Mheshimuni sana Fisi, maana ndiye aliyetusawazishia mashine. Na mkubwa akimtaka mwanao, mpe upesi, usimpotezee muda kwa maneno.

Hadithi imetoka na matope yake.
— Tumefunga mlango!