Mfarishi wa Nyumba Tisa

Nikisema sindano, nyinyi itikieni uzi. Haya. Sindano!

Uzi!

Kaeni basi. Kombo, kunja mguu, usimkanyage mwenzio.

Hapo kale, kale ya jogoo kuwika kwa zamu wasije wakagombana, kale ya mvua kubisha hodi kabla ya kunyesha, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Pindoni. Mji ulikuwa na nyumba tisa. Tisa tu; hesabuni kwa vidole, mtabakiwa na kimoja. Na katika mji huo hapakuwa na mtoto mchanga aliyelala mahali pengine ila juu ya mfarishi.

Mfarishi mnaujua? Hamuujui, mmezoea mablanketi ya dukani. Mfarishi ni tandiko la vipande vya nguo vilivyounganishwa, na pamba ndani yake. Na mfarishi wa Pindoni ulikuwa tandiko, ukawa na mchezo pia. Kila nyumba ilitoa kipande kimoja, kingo zake zimeshapindwa kwa mkono wa mama wa nyumba ile, na juu yake kitu cha kumchekesha mtoto. Huku sikio la sungura. Huku mfuko wenye kuku wa kitambaa: mvute, anatoka, msukume, anarudi. Mtoto akitimiza siku saba alilazwa pale kabla jua halijazama, ndipo akapewa jina. Kipande cha nyumba moja kikikosekana, hakuna jina. Ataitwa mgeni tu, mgeni, mgeni, mpaka mwezi mwingine uandame.

Fundi wa kuunganisha vipande alikuwa Mwanamkuu. Choma, vuta, choma, vuta. Huyu Mwanamkuu alikuwa na binti, Mwatime, na Mwatime akajifungua mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza! Mwanamkuu akatoka mbio, hodi hapa, hodi pale, akakusanya vipande vya nyumba saba. Na cha nyumba yake, vikawa vinane.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Bi Mosi. Akaipita kama anayepita kisiki.

Kwa nini? Ah! Walikuwa mashoga hawa, wa kula sahani moja. Siku moja Bi Mosi akaazima mkasi wa Mwanamkuu, mkasi wa nguo, akakatia mapezi ya samaki. Mkasi ukarudi na magamba! Mnacheka? Mwanamkuu hakucheka. Alikwenda kisimani akasema mbele za watu, "Nitegemee nini kwa mtu wa shoto? Mkono wa kushoto una heri gani?" Na kweli Bi Mosi alikuwa wa shoto: alishona kwa shoto, alisonga ugali kwa shoto. Neno lile likamchoma. Miaka mitatu hawakusemezana.

"Mama, na kipande cha Bi Mosi?" Mwatime akauliza.

"Kinakuja."

"Kinakuja na nani?"

"Wewe nyonyesha mtoto."

Mnajua alichofanya Mwanamkuu? Akakata upindo wa gauni lake la zamani, akashona juu yake kobe mzuri mwenye kichwa cha kuingia na kutoka. Akapinda kingo. Choma, vuta, choma, vuta. Akakiweka mahali pa kipande cha tisa.

Siku ya saba watu wakakusanyika uani kwa Mwanamkuu. Na nani anaingia? Bi Mosi! Kavaa leso mpya, kajipaka wanja. Alikuja kumwona mtoto, kwa kuwa mtoto hajagombana na mtu.

Wakautandaza mfarishi. Vigelegele! Wanawake wakavuta kuku, wakapapasa sungura.

"Kobe huyu kanifurahisha," alisema Bi Mosi. "Wa nani?"

"Si wako, bibi wewe?" akajibu jirani mmoja. "Mwenye shughuli kasema ni wako."

Bi Mosi akainama. Akatazama kingo. Akatazama tena.

"Njooni muone," akasema. "Mishono hii imelalia kulia. Mimi tangu nishike sindano mshono wangu unalalia kushoto. Au leo nimeota mkono mwingine?"

Shingo zote zikamgeukia Mwanamkuu. Hata nzi walitua.

Wanangu, Mwanamkuu alikuwa fundi wa mji mzima, lakini mkono wa mwenziwe hakuukumbuka. Aliutukana, kisha akausahau.

Bi Mosi akashika kisu kidogo, akafumua. Tch, tch, tch. Akamwekea Mwanamkuu kobe mapajani, akaondoka zake. Pakabaki shimo, pamba inachungulia.

Mwatime akaanza kulia. "Mama, mwanangu abaki mgeni kwa sababu ya mkasi?"

Jua lilikuwa linateremka. Mwanamkuu akainuka, akavaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Akaenda kwa Bi Mosi.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Yangu."

"Yangu ndiyo nani? Huyo simjui."

"Ya Mwanamkuu. Aliyeutukana mkono wako kisimani."

Ndani pakasemwa, "Endelea."

"Mkasi niliusugua kwa majivu, harufu ikatoka siku ile ile. Neno langu ndilo halikutoka, na nilijua halikutoka. Na leo nimekuongezea uongo. Nisamehe, shoga yangu."

Mlango ukafunguka nusu.

"Na samaki mwenyewe hakuwa mtamu," alisema Bi Mosi. "Nami nilikosa. Mkasi wa nguo haukati samaki. Ningekuja kukwambia, ila ulinitangulia kisimani."

"Basi nipe kipande, jua linatukimbia."

"Kipande natoa wapi? Ulidhani nimekaa miaka mitatu nakuchambulia vitambaa?" Akajitazama, akashika pembe ya ile leso mpya aliyovaa. Chaaa! "Haya. Mimi napinda, wewe nishonee mchezo. Kiganja kidogo, chenye vidole vitano."

"Cha kulia au cha kushoto?"

"We Mwanamkuu! Kitambaa hicho. Kigeuze, utapata unachotaka."

Mwanamkuu akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. Wakashona barazani bega kwa bega, viwiko vinagongana, mmoja wa kulia, mmoja wa shoto. Choma, vuta, choma, vuta.

Wakarudi uani wanakimbia, wazee wale! Wakaziba shimo, jua limebaki ukucha. Mwanamkuu akamchukua mjukuu, akampa Bi Mosi. "Mlaze wewe."

Bi Mosi akamlaza juu ya leso yake. Mtoto akanyoosha miguu, akakunja uso. Akakojoa! Tena hapo hapo, kwenye leso mpya.

"Kaipokea!" akapiga kelele Bi Mosi. "Semeni jina upesi, kabla hajaongeza!"

Akaitwa Mwanaarafa. Usiku ule Mwatime alimwita kwa jina hilo mara mia, kwa furaha ya kulisema tu.

Basi, wanangu, ukimkosea mtu, usimshonee kipande kwa niaba yake. Nenda mlangoni kwake, kiri ulichosema, naye aseme lake.

Kisa changu kimefika kwake, kimevua viatu, kimelala. Nanyi shikeni njia, na atakayekiamsha kesho akisimulie vizuri.