Kwa Nini Watoto wa Wairenga Huimba kwa Mikono Kwanza

Enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, katika kijiji cha Wairenga, kule visiwani kwa Wamaori, mtoto hakuruhusiwa kuimba. Katazo hilo halikutoka kwenye roho mbaya. Nyimbo ndizo zilizobeba majina ya mababu, ya milima na ya mto, na watu waliamini kwamba neno likikosewa katikati ya wimbo, mkosi hufuata. Kwa hiyo waliimba wazee wachache tu. Watu wazima wengine walisikiliza wakiwa wamefumba midomo, na watoto walifukuzwa wakacheze kwenye mashamba ya viazi vitamu.

Miongoni mwa waimbaji hao alikuwemo Hinerau, mjane mwenye sauti nzito iliyonyamazisha hata wagomvi. Mjukuu wake, Tiaho, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno.

Majira ya baridi yakaja na homa ya kifua. Ikaingia nyumba hata nyumba. Iliwachukua waimbaji wengine wote, ikamchukua na mama yake Tiaho. Hinerau alipona, ila sauti yake haikupona. Alipofungua kinywa ilitoka pumzi tupu, kama upepo unaopita kwenye matete.

Huzuni ya kupoteza wimbo angeivumilia. Lililomuuma ni kwamba mtoto aliamka akimlilia mama yake, na bibi hakuwa na neno la kumbembelezea. Asubuhi moja akampakata, akainua mikono yake miwili, akavitetemesha vidole polepole, vikawa kama maji yanayometameta juani. Mtoto akanyamaza, akakodoa macho.

"Bibi, mto?" akauliza.

Hinerau akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kukusudia, mikono yake ikaendelea na safari ya wimbo wa kuaga wafu, wimbo unaoifuata njia ya roho kutoka chemchemi hadi baharini. Mkono ukajipinda kama mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, chini ya jiwe. Nyayo zikakanyaga ardhi pale wimbo unapoutaja mlima. Mabega yakapaa kama ndege wa pwani. Tiaho akamwiga, akaanguka, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Siku zilizofuata yatima wengine nao wakaja, wakajipanga mbele ya bibi asiyesema.

Tamarangi, mkuu wa kijiji, alipowaona alisimama mlangoni kwa uso wa simanzi.

"Hinerau, dada yangu," alisema, "huo si mchezo. Ni njia ya marehemu wetu. Watoto hawa wakikosea, nani atabeba mkosi huo?"

Hinerau akaligusa koo lake, kisha akawaelekeza mkono watoto. Tamarangi akaelewa, lakini hakukubali. Akaondoka.

Haukupita muda mrefu, jamaa wa upande wa juu wa mto wakaleta habari kwamba wanakuja kuwalilia waliofariki. Mila ilitaka wageni waimbe, kisha wenyeji wajibu kwa wimbo wa kuaga. Wasipojibu, wafu wao watabaki bila wa kuwaonyesha njia. Tamarangi alijifungia akijaribu kuukumbuka wimbo huo. Aliujua mwanzo, akaujua na kipande cha mwisho, katikati pakawa giza.

Wageni walifika, wakaimba, wakamaliza. Wenyeji wakainamisha nyuso kwa aibu.

Hapo Hinerau akawashika watoto mikono, akawasimamisha mbele ya watu wote. Vidole vidogo vikaanza kutetemeka. Mikunga ikajipinda. Nyuma kabisa, mwanamke msuka mikeka akajikuta anatamka mstari aliousikia miaka mingi na hakuwahi kuthubutu kuuimba. Miguu ilipokanyaga mlima, mzee mmoja akadaka mstari uliofuata. Kila mtu alikuwa na kipande chake moyoni, na mikono ya watoto ikawaonyesha pa kukiweka.

Kisha Tiaho akakosea. Aligeukia upande usio wake, akagongana na mwenzake, wimbo ukakatika. Watu wakaukumbuka mkosi. Mtoto akatazama nyuso zile zilizojaa hofu, midomo ikaanza kumcheza.

Tamarangi akatoka mahali pake. Akapiga goti kando yake, akamgeuza taratibu, akatetemesha vidole vyake vya kizee ili amfuate. Akauanza upya mstari uliokatika, na kijiji kizima kikaupokea, ukafika baharini. Hinerau alichezesha midomo bila sauti, machozi yakimtiririka, akisikia wimbo wake ukitoka katika vinywa vya watu ambao hawakuwahi kuimba.

Mkosi haukuja. Wageni walilia nao, wakala nao, wakarudi kwao wakiwa na amani.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Wairenga hufundishwa wimbo kwa mikono na miguu kabla ya maneno, wakiwa bado mapajani. Kwenye msiba na kwenye furaha, wao ndio husimama mbele. Na mmoja wao akikosea, hakuna anayemkemea. Aliye karibu naye huinama, akamshika, wakaanza tena pamoja.