Aikande na Mbege Isiyoharakishwa

Ngano nawamiminia!
— Mimina!
Niijaze?
— Hadi ukingoni!

Hapo kale, migomba ilipokuwa mirefu kuliko majigambo ya wanaume, aliishi mlimani mjane mmoja, jina lake Aikande. Mumewe alimwachia kihamba, shamba la migomba, na humo humo akazikwa. Lakini marehemu alikuwa na mdogo wake, Ndeserua. Naye alikitaka kihamba. Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, akasema jioni, mpaka shauri likafika kwa Mangi, mtawala wa mlima.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Mwenye shauri huja barazani na mtungi wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, aliyoipika mwenyewe. Hana mtungi? Hasikilizwi. Mangi akasema, "Baraza siku ya saba. Nendeni mkapike."

Siku hiyo hiyo Aikande akamenya ndizi mbivu, akazichemsha mpaka zikawa nyekundu, akazitia mtungini, akafunika. Ndizi hizo zikae siku nne. Kisha zichujwe, zitiwe uji wa kimea cha ulezi, zilale tena hadi kesho yake. Hapo ndipo mtu aseme ana mbege.

Na Ndeserua? Ah, huyo! Kunywa alijua, kupika hakujua. Siku ya tatu akachungulia kwa shemeji yake, akaona mtungi unatoa povu. Akasema moyoni, "Imeiva!" Aikande alipokwenda mtoni, Ndeserua akaubeba, akaenda nao.

Aikande akarudi. Mtungi hakuna. Jamani, alilia! Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akafuta kamasi, akashika panga, akaenda kukata mkungu mwingine ulioiva, akazichemsha ndizi upya, akazitia katika mtungi wa pili. Vidole vyake vikahesabu: ndizi siku nne, ulezi hadi kesho yake. Itaiva siku ya nane. Baraza ni ya saba.

Akapiga magoti kando ya mtungi. "Ee Mungu, iharakishe." Akachovya kidole, akaonja. Bado.
Kesho yake, "Ee Mungu, iharakishe." Akaonja. Bado.
Keshokutwa, "Ee Mungu, iharakishe." Akaonja. Je, wenzangu?
— Bado!

Jirani akamwambia, "Tia ulezi leo, mwenzangu, nani atajua?"
"Nitajua mimi," akasema Aikande, akafunika mtungi.

Siku ya saba ikafika. Ndeserua akaja na mtungi kichwani, amejipaka mafuta, anang'aa. Aikande akaja mikono mitupu. Watu wakacheka.

Kwa desturi, mpishi hunywa kwanza, ili wengine wajue hakuna sumu. Ndeserua akajaza kata, akapiga funda moja kubwa. Uso ukamkunjamana! Akameza kwa taabu, akampa Mangi. Mangi akatema. Wazee wakatema.

"Ndeserua," akauliza Mangi, "ulezi ulitia lini?"
"Ulezi? Nilitia... mwanzoni kabisa, Mangi. Nikauchemsha pamoja na ndizi."

Wanawake wa mlima walicheka mpaka wakashikana mabega. Mangi akainamia mtungi: humo hamna hata chembe ya ulezi. "Mtungi huu umeutoa wapi?" Ndeserua akatazama chini.

"Na wewe, Aikande, mbege yako iko wapi?"
"Bado, Mangi."
"Unaniambia mimi bado?"
"Nakuambia wewe. Niliibiwa, nikaanza upya. Nilimwomba Mungu aiharakishe, hakuiharakisha. Basi nikakaa naye, tukangoja sote. Niliogopa kuja mikono mitupu, nakiri. Lakini kukuletea kitu kibichi nikakiita mbege, hapana. Nipe mpaka kesho."

Mangi akasimama. "Kesho," akasema.

Kesho yake mbege ilikuja. Aikande akanywa kwanza, akampa Mangi. Mangi akanywa, akafumba macho, akanywa tena. "Kihamba ni chako," akasema. "Anayebisha aje kwangu."

Aikande akajaza kata ya pili. Akawapita wazee, akamfuata Ndeserua alikojibanza nyuma ya watu. Ndeserua akarudi nyuma; aliwaza sumu, na nani angemlaumu? Aikande akamtazama usoni, akanywa nusu ya kata mbele yake, akampa iliyobaki.

"Kunywa, shemeji."

Ndeserua akanywa. Machozi yakamdondokea ndani ya kata, akanywa nayo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, huo ulezi... hutiwa lini?"

"Njoo kesho na mkungu wako mwenyewe," akasema Aikande. "Nitakuonyesha."

Ngano yangu nimeikausha. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi.